Peugeot 504 iliyohamia Kisumu na kuanza kulia: nianzie wapi?

Swali: Hujambo fundi? Mimi ni mwalimu hapa Kisumu. Mwaka jana nilinunua Peugeot 504 saluni ya 1981, ya petroli, kutoka kwa mzee mmoja wa Nakuru aliyekuwa ameitunza vizuri. Siku niliyoijaribu kule haikuwa na neno. Tangu ifike huku ina milio mitatu. Nikipanda mlima wa Riat kuelekea Kakamega injini hulia kri-kri-kri. Nikifika kilomita 70 kwa saa, mvumo husikika chini ya kiti changu. Nikikata kona polepole, hasa ninapoingia lango la shule, kuna kitu hugonga tok, tok, tok. Fundi wa kwanza amesema injini imenoki na ni lazima ifunguliwe. Wa pili amesema ni difu, yaani gia za ekseli ya nyuma. Wa tatu anataka kubadilisha CV joint, kiungo cha shafti ya gurudumu. Nimsikilize nani kabla sijauza ng'ombe?

Jibu: Ng'ombe abaki zizini kwanza, mwalimu, na injini isifunguliwe. Katika maelezo yako kuna jambo ambalo inaonekana hakuna fundi kati ya hao watatu aliyekuuliza: gari lilikuwa Nakuru, likaletwa Kisumu, ndipo likaanza kulia. Mtu akiniletea gari lenye kelele, kabla sijainua boneti nataka kujua kelele ilianza lini na wiki ile gari lilikuwa limepitia nini: limebadilishwa tairi, limelala kwenye mvua, limeguswa na fundi gani, limehama wapi. Majibu hayo hupunguza kazi nusu.

La pili, usiiweke milio mitatu kwenye kapu moja. Kila mlio garini una bosi anayeuamuru. Wa kwanza kwako unaamriwa na mguu wako kwenye mafuta, wa pili unaamriwa na mwendo wa magurudumu, wa tatu unaamriwa na usukani. Vitu hivyo vitatu havina bosi mmoja, kwa hiyo usitegemee ugonjwa mmoja wala fundi mwenye jibu moja. Tena mafundi wako wawili huenda wana ukweli kiasi, kila mmoja kwa mlio wake.

Tuanze na kri-kri-kri ya Riat, kwa kuwa ndiyo iliyotaka kukugharimu injini.

Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Kisumu, pale ziwani, ni kama mita 1,130. Ukishuka mita mia saba na kitu, shinikizo la hewa hupanda kwa takriban asilimia 9. Maana yake kila pistoni ya gari lako inavuta hewa nyingi zaidi hapa kuliko ilivyokuwa ikivuta kule, na ikiisindika, shinikizo ndani ya silinda linakuwa kubwa zaidi. Ongeza joto la mchana wa Kisumu. Sasa, mzee wako wa Nakuru alikuwa na fundi wake, na fundi mzuri wa nyanda za juu huweka taimingi, yaani wakati wa cheche ya plagi, mbele (mapema) kidogo ili gari lisiwe goigoi kwenye hewa nyepesi. Kule taimingi hiyo ni tamu. Huku, ukikanyaga mafuta kwenye mlima ukiwa gia ya nne, mchanganyiko wa petroli na hewa unalipuka kwa fujo kabla pistoni haijawa tayari kuupokea. Mlio wake ndio huo: mkavu, mwembamba, wa chuma, unakuja ukikanyaga na kutoweka ukiinua mguu.

Noki ya kweli, ile ya kuisha beringi za konrodi (fimbo zinazounganisha pistoni na shafti ya injini), haifanyi hivyo. Hiyo ni nzito, ngo, ngo, ngo, inatoka chini ya injini wala si juu, na huzidi injini ikishapata moto kwa sababu oili imekuwa nyepesi. Huhitaji mlima kuisikia: simamisha gari, weka fri, pandisha mzunguko taratibu hadi katikati halafu uachilie mafuta ghafla. Ikigonga pale mzunguko unaposhuka, na taa ya oili inapepesa injini ikiwa ya moto, basi fundi wa kwanza yuko sahihi na gari lisiende hata sokoni. Isipogonga hapo, na mlio wako uko Riat peke yake, hiyo si noki ya beringi.

Hakikisha hivi. Panda Riat kwa gia ya nne, mwendo wa kama 50, mpaka mlio uje. Ukija, usiongeze mafuta. Rudi gia ya tatu. Mlio ukifa papo hapo, jibu umepata. Na usiuvumilie kwa kuwa si noki ya beringi. Mlio huo ukiachwa miezi hula vichwa vya pistoni na gasketi ya silinda hedi, na hedi ya 504 ni ya alumini, haipendi joto la kupita kiasi.

Dawa iko kwenye distributa, kile chombo kinachogawa umeme kwa plagi. Toa kifuniko, shika rota, kile kipande kinachozunguka ndani, izungushe kwa vidole kuelekea upande inakozunguka. Inapaswa kwenda kidogo kwa ukinzani wa springi, na ukiiachilia irudi yenyewe mara moja. Ikikwama, au ikirudi kwa uvivu, vile vizito vidogo vilivyo chini vimeshika kutu au springi zimechoka, na taimingi yako inakwenda mbele kisha hairudi. Safisha, tia tone la oili, jaribu tena. Halafu pima mwanya wa pointi, zile ncha zinazokata na kuunganisha umeme, maana mtu akiufungua kupita kiasi anakuwa amepeleka taimingi mbele bila kujua. Mambo hayo mawili yakiwa sawa, ndipo uguse distributa yenyewe: piga alama ya rangi kwenye bodi yake na kwenye injini ili ujue ulikotoka, legeza nati ya kuishika, izungushe kidogo sana kufuata mwelekeo wa rota, kaza, panda Riat tena. Kufuata rota ni kurudisha nyuma. Kinyume chake ni kupeleka mbele. Fundi mwenye taa ya taimingi atakufanyia kwa namba, na afadhali yeye, lakini hata bila taa utasikia tofauti.

Kabureta nayo itazamwe. Wapo mafundi wa nyanda za juu ambao hutia jeti (tundu la kupitishia petroli) ndogo ili gari lisitoe moshi mweusi. Jeti hiyo ikishuka Kisumu, petroli inakuwa chache kwa hewa iliyopo, injini inachemka ndani, na kri-kri inaongezeka. Plagi zitakuambia. Zikiwa nyeupe kavu mdomoni baada ya safari, petroli ni chache. Rangi ya udongo hafifu ndiyo tunayoitaka.

Halafu feni. Nyingi za 504 zina feni inayoshikwa na sumaku ya umeme: injini ikiwa baridi inazunguka bure, joto likipanda swichi inaipa umeme, unasikia tak kisha vuuu mbele ya gari. Wenye gari wapya hudhani tak hiyo ni kasoro. Ni afya. Kasoro ni pale unapokaa kwenye foleni ya Kondele dakika kumi na usiisikie kamwe. Feni isiposhika, injini inapanda Riat ikiwa tayari imechemka, na taimingi yoyote utakayoweka haitakunyamazishia mlio. Tazama waya, brashi ndogo ya kaboni inayopeleka umeme, na swichi ya joto, kwa mpangilio huo, kwa sababu ndio mpangilio wa bei.

Nipenyeze jambo la tapeti hapa, kwa kuwa fundi wako atafungua boneti na kusikia tik-tik-tik na kukuambia eti nayo ni ugonjwa. Injini hii ina fimbo za kusukuma vali, na tapeti zake hulia kidogo zikiwa na mwanya sahihi: milimita 0.10 kwa vali za kuingiza, 0.25 kwa za kutoa, zikipimwa injini ikiwa baridi, yaani asubuhi kabla hujawasha. Mimi huogopa zaidi injini ya zamani ambayo tapeti zake zimenyamaza kabisa. Gari lako lilitengenezwa enzi za petroli yenye risasi, na Kenya tuliachana nayo miaka mingi iliyopita. Kiti cha vali kikilika, vali inapanda, mwanya unafungika, na siku moja vali haifungi tena na inaungua. Fundi anayekaza tapeti mpaka kimya ili akufurahishe anakusogeza kwenye siku hiyo. Na tik-tik ikiwa kali asubuhi kisha ikapungua gari likipata moto, usitazame tapeti, tazama gasketi ya manifoldi ya egzosti. Moshi unaovuja hapo hulia sawasawa na tapeti mpaka chuma kipanuke na kuziba. Mpira wa maji wa urefu wa mkono, ncha moja sikioni na nyingine ikipita taratibu kwenye manifoldi, utakuonyesha mahali penyewe.

Mvumo wa 70 ndio kazi yenyewe, na hapa inabidi ujue gari lako limejengwaje, kwa sababu halikujengwa kama magari yanayowapa mafundi wa leo riziki. Kwenye 504 saluni, propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma, haionekani. Imefichwa ndani ya bomba la chuma linaloanzia kwenye gia boksi hadi kwenye difu. Injini, gia boksi, bomba na difu vimefungwa kwa bolti vikawa kitu kimoja kigumu kuanzia mbele hadi nyuma. Ndani ya bomba, katikati ya safari, kuna beringi inayoishika propela isicheze. Sasa fikiria sauti. Beringi ya difu ikilia nyuma, mlio unasafiri kwenye chuma hicho bila kizuizi na kutokea chini ya kiti chako. Ndiyo maana mtu anasikia chini ya kiti, fundi anafungua gia boksi, gia boksi ni nzima. Kwenye gari hili sikio lako halikuonyeshi mahali, linakuonyesha tabia tu. Tufuate tabia.

Chukua barabara ya Ahero, Jumapili alfajiri, kabla malori na pikipiki hazijaamka. Kule Kano ni tambarare na unaona mbele. Mpeleke mtu mwingine aendeshe ikiwezekana, wewe sikiliza. Fika 70, mvumo ukija, kanyaga klachi, weka fri, acha gari liteleze. Usizime ufunguo hata kidogo. Usukani una kufuli na breki zitakuwa nzito. Mvumo ukiendelea vilevile huku injini imeshuka hadi mzunguko wake wa chini kabisa, injini na klachi zimeachiliwa huru. Zimebaki tairi, beringi za magurudumu, propela na difu.

Rudisha gia. Shikilia 70 kwa kukanyaga kidogo, kisha inua mguu gari lijivute lenyewe. Difu yenye meno au beringi zilizochoka hubadilisha sauti hapo: mara nyingi huvuma ukikanyaga na kunyamaza ukiinua, au kinyume chake. Mvumo usiojali mguu wako, uwe umekanyaga au umeinua, hautoki kwenye meno ya difu. Sasa, barabara ikiwa tupu kabisa, yumbisha usukani polepole kushoto na kulia, kwa upole wa kutomwamsha abiria. Uzito wa gari unaegemea upande mmoja, kisha wa pili. Mvumo ukizidi ukienda kushoto, beringi ya gurudumu la kulia ndiyo inayobeba na ndiyo ya kushukiwa. Ukipita kutoka lami mpya kwenda lami iliyochubuka na mvumo ukabadilika tabia, hizo ni tairi. Zipapase kwa kiganja kuzunguka: ukihisi meno ya msumeno, tairi zimelika kwa hatua, labda kwa sababu ya shoki zilizokufa. Hamisha za mbele ziende nyuma na uone kama mvumo umehama nazo. Haigharimu kitu.

Ukiwa umepita vyote hivyo na mvumo bado upo, haujali mguu, haujali usukani, haujali lami, ila una mwendo wake maalum ambapo huanza pamoja na mtetemo unaoingia kwenye sakafu na mtikiso wa gia, basi mimi ningeweka pesa yangu kwenye beringi ya katikati ya bomba. Kwa jinsi ulivyoeleza, na nasema kwa kubahatisha kutoka mbali, hapo ndipo ninapoegemea. Kuibadilisha ni kazi ya siku nzima kwa sababu bomba lote linashuka. Fundi asiyejua 504 atakuambia propela yako haina beringi, akikuonyesha kwa kidole kwamba hakuna kinachoonekana chini. Mshukuru, nenda kwa mwingine. Mafundi wenye umri, waliozihudumia zile 504 za safu tatu za viti zilizokuwa zikibeba abiria kati ya Nakuru na Kisumu, wanajua bomba hilo kwa kupapasa gizani.

Kabla bomba halijashuka, fungua bolti ya kujazia oili ya difu na uingize kidole. Difu iliyokaa miaka bila kuangaliwa hukutwa tupu nusu. Kidole kikitoka kikavu, jaza oili ya difu ya shinikizo kali, endesha wiki moja, sikiliza upya. Ukiitazama oili ya zamani ikameta chembe za chuma, fundi wa pili anastahili soda. Na gia boksi ya gari hili, mtu asikutilie oili ile nzito ya difu. Peugeot walitaka oili ya injini humo. Ukiweka nzito, gia za asubuhi zitakuwa ngumu na utaambiwa sinkro, zile pete zinazolainisha uingiaji wa gia, zimekwisha.

Nisisahau: mvumo si kasoro ambayo gari hili lilizaliwa nayo. Gari la aina hii ndilo dereva wa Sweden, Ove Andersson, alilotumia kushinda Safari Rally ya 1975, kwenye barabara ambazo leo zingetupasua sote. Kwa hiyo atakayekuambia "504 zote huvuma hivyo" hajaziendesha.

Tok-tok ya langoni nitaipitia haraka, ila ianze leo jioni kabla hujasoma zaidi: kaza nati za magurudumu yote manne. Nati zilizolegea hugonga kwa mwendo mdogo ukikata kona, na kwa kasi hunyamaza mpaka gurudumu litoke. Kisha toa kila kitu kwenye buti, jeki, spana, chupa ya maji, uingie langoni tena.

Fundi wa tatu alisema CV joint kwa kuwa siku nzima anashika Toyota Vitz na Probox, ambazo husukumwa na magurudumu ya mbele, na zikigonga konani huwa ni hizo kweli. 504 inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Mbele hakuna shafti yoyote ya kubadilisha. Mwulize kwa heshima akuonyeshe kitu anachotaka kukuuzia. Nyuma, hata hivyo, 504 saluni nyingi zina shafti mbili fupi zinazotoka kwenye difu hadi kwenye magurudumu, kila moja na jointi zake, na zikichoka hugonga ukikata kona huku umekanyaga mafuta. Jaribu kuingia lango mara moja ukiwa umekanyaga, mara nyingine ukiteleza na klachi chini. Ikigonga unapokanyaga tu, lala chini utazame mipira ya jointi hizo: iliyochanika na kutapika grisi ndiyo yenyewe. Ikigonga vyote viwili, acha nyuma. Simamisha gari, mwenzako azungushe usukani kutoka mwisho hadi mwisho huku wewe umeweka kiganja juu ya springi ya mbele, kupitia nafasi ya gurudumu. Springi ikijikunja na kuruka ghafla kiganjani, beringi ya juu ya shoki imekwama. Chunga vidole visibanwe.

Ukipeleka gari kwa fundi, usimwachie ufunguo na karatasi. Mkalishe kwenye kiti cha abiria, mpande Riat pamoja, muingie lango pamoja, na umwambie mlio ulibadilika ulipofanya nini. Akikutajia silinda kwa namba, mwulize anahesabia upande gani, kwa kuwa Peugeot huhesabu kuanzia flaiwili, upande wa gia boksi, huku wengi wetu tukianzia kwenye radieta. Kitu akibadilisha, akurudishie cha zamani mkononi, na abadilishe kimoja tu kwa wakati. Akikubadilishia vinne siku moja na gari likanyamaza, hamtajua ni kipi kilichokuwa kikilia, na vitatu utakuwa umenunua bure.

Bomba la propela likishuka, kabla beringi mpya haijaingia, mwambie atazame pia meno ya mwisho wa propela, pale inapoingia kwenye difu. Yakiwa yamelika, beringi mpya italia tena kabla ya Krismasi.